Udongo, Majani na Matambara: Maswali Yenu Kuhusu Picha za Mandhari

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za wasomaji wanaotengeneza picha za mandhari kwa vitambaa vikuukuu na rangi walizochota ardhini au kuzipika wenyewe. Karibu zote zinazunguka kosa moja: kuzichukulia rangi zote za asili kana kwamba ni za ukoo mmoja. Udongo ni chembe za madini. Hauyeyuki, hukaa juu ya uzi, na lazima upate gundi ya kuushika. Rangi nyingi za mimea huyeyuka majini, huingia ndani ya uzi, na huhitaji dawa ya kuzifunga humo. Tumewajibu tukiwa na tofauti hiyo mbele yetu.

SWALI: Nimetwanga udongo mwekundu, nikauchanganya na maji, nikapaka kwenye shuka la pamba. Ulipokauka ulipendeza sana, lakini nikipitisha kidole unatoka kama vumbi. Nimeongeza udongo, ndiyo kwanza hali imekuwa mbaya. Nifanyeje?

JIBU: Maji yalikusaidia kupaka tu. Yalipokauka hakikubaki kitu cha kuushika udongo kwenye uzi, na kila ulipoongeza tabaka, lilizidi kupasuka na kumeguka. Kuna mawili ya kurekebisha: udongo wenyewe na gundi yake.

Kutwanga peke yake hakutoshi, kwa sababu kinu husaga mchanga pamoja na rangi, na mchanga ndio unaodondoka. Chimba chini ya ule udongo mweusi wenye mizizi. Kabla hujabeba, lowesha kidogo kiganjani, sugua, kisha suuza. Ukibaki umeganda kwenye mistari ya kiganja, rangi ipo ya kutosha. Ukiondoka wote na kukuachia mikwaruzo, huo ni mchanga mtupu, achana nao.

Loweka kilo 2 katika lita 8 za maji usiku kucha. Asubuhi koroga kwa nguvu, kisha acha utulie. Hapa muda ndio unaofanya kazi ya chujio. Baada ya dakika 1 mchanga umeshatua. Mimina tope taratibu kwenye ndoo ya pili, mchanga uuache chini. Koroga ndoo ya pili, subiri dakika 5, kisha chota kwa kikombe sentimita 10 za juu tu. Kufikia hapo chembe zinazozidi mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zimeshazama kupita kina hicho, kwa hiyo ulichonacho kikombeni ni laini kama unga wa mhogo uliochekechwa. Kiweke siku 1 au 2 mpaka maji ya juu yawe meupe, uyamwage. Tope likigoma kutua, tia chumvi kijiko 1 cha chai: chembe za mfinyanzi zitashikana na kuzama. Halafu libadilishie maji mara mbili kuondoa chumvi hiyo, maana ikibaki itachanua juu ya picha kama ukungu mweupe. Anika tope kwenye sahani, lisage, lipitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni.

Gundi tunayoipendekeza kwa kitambaa ni maziwa mabichi ya soya. Loweka gramu 100 za soya kavu usiku kucha, zisage na lita 1 ya maji, chuja kwa kitambaa mara mbili. Usiyachemshe. Maziwa ya soya ya pakiti hayafai, kwani yameshapikwa na mengi yametiwa sukari. Chovya kitambaa kikavu kilichofuliwa, kikamue, kianike kivulini. Kikikauka rudia tena. Ndipo uchanganye kijiko kikubwa 1 cha unga wa udongo na vijiko 4 vya maziwa, ukisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mabonge yaishe. Paka tabaka jembamba, liache likauke kabisa, paka la pili. Matabaka 3 membamba yanashinda moja nene kila mara. Yatumie maziwa siku hiyohiyo, yanachacha upesi, na yaliyochacha huacha harufu isiyotoka. Koroga kila unapochovya brashi, la sivyo udongo unatua chini na mwisho wa picha unakuwa mwekundu kuliko mwanzo.

Kisha subiri. Protini ya soya huendelea kukaza kwa wiki 3 hadi 4, na kitambaa kinachofuliwa siku ya pili kitachujuka hata kama ulifanya mengine yote sawasawa. Wengi wanashindwa hapo tu.

Hilo shuka ulilonalo usilitupe. Likung'ute nje, ondoa vumbi lililolegea kwa brashi laini, kisha nyunyizia maziwa hayo ya soya kwa chupa ya dawa, manyunyu mepesi mara 3, likikauka kila mara. Usitumie brashi, italikokota tope.

SWALI: Shamba la ngano nililolipaka kwa bizari ya manjano liling'aa kama dhahabu. Wiki 3 baadaye, kwenye ukuta unaopigwa na jua, limekuwa rangi ya karatasi. Je, nilitia manjano kidogo?

JIBU: Hata ungetia kilo nzima. Rangi ya bizari ya manjano huvunjwa na mwanga, tena upesi kuliko karibu zote, na hakuna dawa itakayoiokoa. Ikigusa sabuni au magadi hugeuka nyekundu. Rangi ya zambarau ya maua na matunda nayo usiiamini: ukitia siki huwa nyekundu, ukitia magadi huwa buluu au kijani, na jua huifuta.

Shamba lako tulihamishie kwenye udongo wa njano. Unjano wake unatokana na chuma kilichoshikamana na maji, na jua haliuwezi. Halafu ukiukaanga, yale maji yanatoka na unageuka mwekundu. Kwa hiyo kutoka shimo moja unaweza kupata shamba, barabara ya vumbi na mlima wa jioni. Tandaza unga mkavu, unene wa nusu sentimita, kwenye kikaango cha chuma juu ya moto mkali, nje ya nyumba, ukigeuza kila dakika. Pale moto unapopiga utaona doa la rangi ya chungwa likianza, kisha litapanuka. Mabadiliko yanahitaji joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi. Chota kijiko 1 kila baada ya dakika 10, ukiweke pembeni kwa mpangilio: hapo utapata ngazi ya rangi 4 au 5 zinazoelewana kwa sababu ni za mama mmoja. Usizihukumu zikiwa moto, maana udongo moto huonekana mweusi kuliko utakavyokuwa ukipoa. Kikaango hicho kisirudi kwenye chakula, na ufunge barakoa unapochekecha, kwa kuwa vumbi laini la udongo lina silika inayodhuru mapafu.

Kama unataka ushahidi wa uimara wake: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe mawili ya baharini yenye mabaki ya mchanganyiko wa udongo mwekundu wa takriban miaka 100,000. Bado ni mwekundu.

Kwa rangi yoyote ya mmea usiyoijua, ipime kabla ya kuitumia. Paka kipande cha kitambaa, funika nusu yake kwa kadibodi, kiweke dirishani penye jua wiki 2, kisha funua. Mstari ukionekana kati ya nusu mbili, rangi hiyo itumie kwenye mahali pa kuungwa mkono na udongo, isiwe ndiyo nguzo ya picha.

SWALI: Nilichemsha mashati ya zamani kwenye maganda ya vitunguu. Moja limekolea vizuri, moja limetoka madoadoa, na la tatu limebaki jeupe vilevile. Yote yaliandikwa pamba.

JIBU: La tatu si pamba, hata kama lebo inasema hivyo. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, uziwashe juu ya sinki. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zinazoungua. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Poliesta haishiki rangi ya mmea, lakini usiitupe. Nyembamba yake tutaihitaji kwenye jibu la milima huko chini. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hushika nusu tu, na rangi hiyo hafifu ni nzuri kwa mbali.

Lililotoka madoa halikufuliwa vya kutosha. Kitambaa kilichovaliwa miaka kina mafuta ya mwili, wanga wa kupigia pasi na dawa za kulainishia, na kila kimoja kinazuia maji. Chemsha kwa saa 1 katika maji mengi yenye sabuni kidogo na gramu 2 za magadi ya kufulia kwa kila gramu 100 za kitambaa. Maji yatatoka ya kahawia hata kwa shati lililoonekana safi. Yakiwa machafu sana, rudia. Kipimo cha mwisho ni tone la maji: likidondoka na kunyweka papo hapo, kitambaa kipo tayari, likikaa juu kama shanga, bado.

Kisha dawa ya kushikisha, ambayo ni shabu. Pima kitambaa kikiwa kikavu: gramu 15 za shabu kwa gramu 100 za kitambaa. Iyeyushe katika maji ya moto, ingiza kitambaa kilicholowa, kiweke kwenye joto la chini ya kuchemka kwa saa 1, na ukiache humo mpaka kesho. Pamba haiishiki shabu vizuri kama sufu, kwa hiyo kwanza iloweke usiku mmoja kwenye chai nzito au maji ya maganda ya komamanga, ambayo yana tanini. Maganda makavu ya vitunguu ni nusu ya uzito wa kitambaa: yachemshe saa 1, yachuje, kisha ndipo uingize kitambaa. Ukiyaacha humo, kila ganda linalogusa nguo litaacha doa. Sufuria iwe pana kiasi cha kitambaa kuogelea, na ukigeuze mara kwa mara.

Angalia mishono ya lile shati lililokolea. Uzi wa kushonea ni poliesta, umebaki mweupe. Usiufumue: vipande vyenye mstari huo mweupe ni njia za miguu zilizokwisha kuchorwa.

SWALI: Nimechemsha majani mabichi ya kila aina nikitafuta kijani cha msitu. Napata kahawia chafu. Yapo majani yanayofaa?

JIBU: Ukijani unaouona kwenye jani hauvumilii joto wala mwanga, na kwenye kitambaa cha pamba haukai. Kijani huundwa kwa hatua mbili. Pika kwanza njano ya maganda ya vitunguu kama tulivyoeleza, kisha chovya dakika chache kwenye maji ya chuma (ya misumari yenye kutu, tutayaeleza kwenye jibu la mawingu) yaliyozimuliwa sana: inageuka kijani cha zeituni, kijani cha porini hasa. Ukitaka kijani kibichi, ichovye njano hiyo kwenye maji ya nili, ile rangi ya buluu ya mmea. Itatoka ikiwa kijani-njano na ndani ya dakika chache hewani buluu itajitokeza juu yake, kwa hiyo dakika 1 majini inatosha. Subiri uone ndipo uongeze. Udongo wa kijani nao upo, ila ni adimu.

SWALI: Milima yangu ya nyuma haikai nyuma. Nimeipunguza ukubwa, nimeiweka juu, lakini inaonekana kama mawe madogo yaliyo karibu. Nimetumia jinzi, udongo mwekundu na makaa.

JIBU: Ukubwa ni sehemu ndogo ya umbali. Kati ya jicho na mlima kuna hewa, na hewa hiyo hufanya mambo matatu: inapausha, inaelekeza rangi upande wa buluu, na inafuta tofauti kati ya chenye nuru na chenye kivuli. Wewe umeupa mlima wa mbali wekundu na weusi uleule wa udongo wa miguuni, basi jicho linauleta mbele.

Anza na rangi. Chukua udongo mweupe laini, uchanganye na rangi yako kwa vijiko. Kwa safu ya mbali kabisa, kijiko 1 cha rangi kwa 8 vya udongo mweupe, na chembe ya nili au makaa kuipoza. Safu inayofuata 1 kwa 4, ya tatu 1 kwa 2, na ya mbele rangi tupu. Makaa matupu yasivuke ile safu ya mbele. Anga nayo si ya rangi moja: hupauka kadiri inavyokaribia upeo wa macho, na mwanzo wa mlima wa mbali usipishane nayo sana.

Kisha kitambaa chenyewe, na hapa ndipo tunapoipenda kazi hii kuliko kuchora kwa brashi. Jinzi ina mistari ya mshazari unayoiona kwa macho. Mlima wa mbali ukionyesha mistari hiyo, jicho linajua kwamba upo karibu, kwa sababu vitu vya mbali havionyeshi nyuzi. Jinzi ikae mbele. Nyuma weka pamba laini ya shuka lililochakaa, ambayo mtande na mshindio wake hauonekani tena. Geuza jinzi ndani nje upate buluu-kijivu kwa safu ya kati. Goti lililopauka ni mteremko uliopigwa na jua. Ukingo wa sweta wenye mbavu ni matuta ya shamba.

Ukingo nao unasema. Ukichana kitambaa kwa mkono kufuata uzi, kinatoa ukingo wenye manyoya, mzuri kwa upeo wenye ukungu. Ukikata kwa mkasi kwa mshazari, ukingo unabaki mkali na haufumuki; huo ni wa mwamba ulio mbele. Panga kuanzia mbali kuja karibu, kila safu ilalie iliyotangulia kwa sentimita 1.5.

Sasa ile poliesta nyembamba ya mtandio au pazia. Ilaze juu ya safu mbili za nyuma tu, ishone pembezoni. Papo hapo milima inarudi nyuma. Kama bado una shaka, piga picha kwa simu, uiondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Safu mbili zikifanana weusi, ndizo zinazogombana.

SWALI: Unga wa mkaa unaelea juu ya maziwa ya soya, hauchanganyiki.

JIBU: Mkaa mkavu unakataa maji. Uloweshe kwanza kwa matone machache ya spiriti, au tone 1 la sabuni ya vyombo, uusugue uwe kama uji mzito, kisha ongeza maziwa kidogo kidogo. Spiriti iwe mbali na moto.

SWALI: Nilipata kijivu kizuri cha mawingu ya mvua kwa kuloweka misumari yenye kutu kwenye siki, juu ya kitambaa kilichochovywa chai. Miezi imepita, na mawingu yanachanika yenyewe. Mbona sehemu nyingine ni nzima?

JIBU: Chuma kikikutana na tanini kinatoa kijivu na nyeusi, ndiyo hiyo uliyoipata. Lakini chuma kilichozidi kinaendelea kuila pamba polepole, na siki isiyooshwa inakisaidia. Ndiyo maana katika vitambaa vya kale sehemu nyeusi au za kahawia zilizotiwa chuma mara nyingi huoza kabla ya nyingine.

Maji ya kutu hayana kipimo: ya wiki 1 na ya wiki 3 hayafanani nguvu. Zimua kijiko kikubwa 1 kwa lita 1 ya maji, chovya kitambaa kilicholowa kwa dakika 3 hadi 5, toa, tazama. Kijivu kinaendelea kukolea hewani, hivyo ukitoe kikiwa bado chepesi kuliko unavyotaka. Suuza mara moja, kisha kilowekwe dakika 15 katika lita 5 za maji yenye kijiko kikubwa 1 cha chaki ya unga kuua asidi, usuuze tena. Ukitumia chuma cha dukani cha unga (salfeti ya chuma, si chuma kilichosagwa), gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za kitambaa zinatosha. Kiwe mbali na watoto, ni sumu kikimezwa.

Mawingu yaliyochanika hayarudi uzima. Yalaze juu ya kitambaa imara cha rangi ileile, yafunike kwa mtandio mwembamba, ushone kuzunguka, sindano isipite kwenye sehemu iliyooza.

SWALI: Nibandike au nishone? Nikibandika madoa ya gundi yanatokeza, nikishona kitambaa kinajikunja.

JIBU: Shona. Gundi nyeupe inang'aa, inakakamaza kitambaa na haitoki tena. Uji wa unga unaita wadudu. Uji huo utumie kushikiza tu: sehemu 1 ya unga kwa 5 za maji, upikwe mpaka uwe wazi, nukta ndogo kama punje ya mtama, nao utatoka ukiosha.

Makunyanzi yana sababu mbili. Moja ni vipande visivyosinyaa sawa, ndiyo maana kila kipande kifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Ya pili ni uzi uliovutwa. Chukua kitambaa imara cha chini kinachozidi picha kwa sentimita 10 kila upande, kinyooshe kwenye fremu, panga vipande vyote, vipige bandi, kisha shona kuanzia katikati kwenda pembezoni, mishono ya milimita 4 hadi 5. Baada ya kila mishono 10 pitisha ukucha juu ya uzi kuulegeza. Pasi ya mwisho ipigwe upande wa nyuma, bila mvuke, juu ya taulo, maana mvuke unaweza kuulainisha udongo ambao haujakaza.

SWALI: Picha imekamilika. Naitundikaje isiharibike?

JIBU: Shona nyuma yake, upande wa juu, mfuko wa upana wa sentimita 10, pitisha ubao bapa; uzito utagawanyika na picha haitalegea katikati. Usipigilie misumari kwenye kitambaa. Ukuta usipigwe na jua wala usiwe wa nje unaovuta unyevu. Makumbusho mengi huweka vitambaa kwenye mwanga usiozidi luksi 50, ambao ni hafifu kweli. Ukitaka kioo, kiwe mbali na kitambaa kwa angalau milimita 5, kwa vijiti pembezoni, kwa sababu unyevu ukiganda kwenye kioo udongo utahamia huko. Vumbi liondolewe kwa brashi laini mara 2 kwa mwaka, kutoka juu kwenda chini.